Nyoka wa Karatasi

Kila mtu ana mchezo umpendezao katika saa za faragha. Wengine hucheza bao, wengine hucheza karata, na wengine hutegana vitendawili mpaka usingizi uwachukue. Mchezo wangu mimi ni kutazama picha ya nyoka nisiyemjua na kujaribu kumtaja kwa jina. Nikisema hivyo mbele za watu, wengi huvuta viti vyao nyuma kana kwamba nyoka yumo mfukoni mwangu. Wewe, msomaji, usivute kiti chako. Nyoka wa karatasi hatambai, hatemi mate, wala hana sumu. Walakini nataka kukueleza habari ya siku mbili ambazo nyoka wa namna hiyo alikaribia kuua mtu, na sumu ya kumwua ilitoka katika kinywa changu.

Sikuzaliwa na mapenzi ya nyoka. Nilizaliwa katika hofu yao, kama watoto wote wa kijiji chetu kilicho upande wa bara wa Kilifi, nyuma ya Ganze. Kwetu neno 'nyoka' lilikuwa amri. Aliyelisikia hakuuliza ni nyoka gani, alitafuta fimbo. Nilipokuwa na umri wa miaka 11 nilimwua nyoka wa kijani katika mwembe wa nyumba yetu. Watu walikusanyika, wakamgeuzageuza kwa kijiti, wakasema nimemwua koboko wa kijani, ambaye sumu yake huua. Nilisifiwa, nikatembea kwa maringo siku saba. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kujifunza kutazama, niliyakumbuka macho yale makubwa, kichwa kile kifupi na mwili ule mwembamba kama ugwe, nikatambua kwamba hakuwa koboko hata kidogo. Alikuwa ukukwi, nyoka wa mitini alaye vyura na mijusi wadogo, asiye na sumu ya kumdhuru mtu. Sifa zangu za siku saba nilizipata kwa kumwua jirani asiye na hatia.

Aliyenifundisha kutazama alikuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia, aliyekuwa akikaa karibu nami katika mji wa Malindi. Kazi ilikuwa imemzungusha nchi nzima. Alifundisha Kakamega, Njoro, Chuka, Wundanyi na Garissa, na kila alikokwenda alikwenda na kamera yake. Wenzake walipiga picha za arusi na za sikukuu. Yeye alipiga picha za nyoka. Alipostaafu alirudi pwani na maboksi mawili ya viatu yaliyojaa picha hizo. Nyuma ya kila picha paliandikwa nambari, na kila nambari ilikuwa na bahasha yake iliyofungwa, na ndani ya bahasha mlikuwa na jina.

Kila Jumamosi alasiri tulikutana barazani kwake watu watano: muuguzi wa zahanati, fundi wa baiskeli, mvuvi mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mimi. Mwalimu alitumiminia kahawa, akaweka picha moja juu ya meza, akanyamaza. Mchezo ulikuwa na sheria tatu. Sheria ya kwanza ilisema kwamba hakuna jina bila ushahidi. Aliyesema 'huyu ni moma' alilazimika kuonyesha kwa kidole dalili tatu katika picha zinazomfanya awe moma na si mwingine. Sheria ya pili ilisema kwamba mahali ni ushahidi. Tuliruhusiwa kuuliza picha ilipigwa wapi, kwa kuwa kila nyoka ana nchi yake, na nyoka wa mlimani hakutwi ufukoni. Sheria ya tatu ilisema kwamba mwenye kusema 'sijui' na akaeleza sababu ya kutojua kwake hupata alama moja, lakini mwenye kukosea kwa kujigamba hunyang'anywa alama mbili. Sheria ya kwanza na ya pili nilizipenda. Ya tatu niliiona kuwa sheria ya waoga, nami sikuitumia hata mara moja.

Nitakuonyesha baadhi ya picha zile, ili nawe ujaribu macho yako.

Picha ya kwanza ilitoka Garissa. Nyoka mdogo, wa rangi ya vumbi, mwenye madoa meupe mgongoni, alikuwa amejikunja mikunjo iliyogusana ubavu kwa ubavu. Mwalimu alituambia kwamba alipomkaribia, nyoka huyo alisugua magamba yake yakatoa sauti kama ya mafuta yakaangayo samaki. Muuguzi hakusubiri. Alisema huyo ni yule nyoka mdogo mwenye sumu kali wa nchi kame za kaskazini, wa ukoo mmoja na moma, ambaye kwa desturi hujikunja na kusugua magamba hivyo hivyo. Sote tulikubali. Bahasha ilipofunguliwa ilisema: nyoka mla mayai. Nyoka huyu hana sumu, na meno yake ni madogo mno hata hayafai kuuma. Humeza yai zima, akalipasua kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo zilizochomoza kooni mwake, akanywa kilicho ndani, kisha akatema ganda. Kwa kuwa hana silaha, amevaa nguo za mwenye silaha, na hata sauti yake ameiiga. Muuguzi alichukua picha mkononi, akaitazama tena, ndipo alipoona kwamba kichwa kilikuwa chembamba, kisichopanuka kama kichwa cha moma, wala shingo haikubanwa nyuma yake.

Hapo Mwalimu alitupa onyo ambalo nakupa na wewe. Katika vitabu vingi vilivyotoka ng'ambo utasoma kwamba nyoka mwenye sumu hujulikana kwa kichwa cha pembetatu na mboni ya jicho iliyosimama kama ufa, na kwamba nyoka mwenye mboni ya mviringo hana madhara. Kanuni hiyo ina nafuu kidogo katika Marekani ya Kaskazini, ambako wengi wa nyoka wenye sumu ni wa jamii moja. Kwetu ni kanuni ya mauti. Koboko ana mboni ya mviringo na kichwa chembamba. Fira ana mboni ya mviringo. Nyoka mla mayai, asiye na sumu, ndiye mwenye mboni iliyosimama kama ufa. Mwenye kuishika kanuni ya wageni katika nchi yetu atamkimbia maskini na kumkumbatia jambazi.

Picha ya pili ilitoka Wundanyi, katika vilima vya Taita. Ilionyesha kiumbe mrefu, mwenye pete nyingi mwilini, asiye na macho ya kuonekana wala magamba ya kuonekana. Fundi wa baiskeli alisema ni nyoka wa ardhini. Mvuvi alisema ni mnyoo mkubwa. Mimi nilisema ni nyoka kipofu, nikataja dalili tatu kwa sauti kubwa. Bahasha ilisema maneno mawili tu: 'Si nyoka.' Kiumbe yule ni wa kundi la vyura, ingawa hana miguu, naye huishi katika udongo wenye unyevu wa vilima vile vya Taita na si penginepo duniani. Mwalimu aliongeza jambo ambalo wataalamu walilitangaza mwaka 2006: mama wa kiumbe huyo huwalisha watoto wake ngozi yake mwenyewe. Ngozi ya juu hunenepa kwa mafuta, na watoto huibambua kwa meno yao. Tulicheka kwa kushindwa kwetu, kisha tukanyamaza kwa ajabu ya habari hiyo.

Picha ya tatu ilitoka Njoro. Nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya majivu, alilala katikati ya majani makavu. Nilisema ni moma mchanga. Mwalimu aliniuliza, "Umetazama juu ya jicho?" Sikuwa nimetazama. Juu ya kila jicho palikuwa na pembe moja, ndogo kama mwiba. Alikuwa moma mwenye pembe wa Kenya, ambaye huishi katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Njoro, wala hapatikani katika nchi nyingine yoyote. Wataalamu walimpa jina la kitaalamu mwaka 1932. Nilikuwa nimeuliza mahali picha ilipopigwa, nikajibiwa Njoro, lakini jibu lile halikunifaa kitu, kwa sababu jina lilikwisha kufika ulimini kabla ya macho kumaliza kazi yao.

Ya nne ilitoka Chuka, katika msitu wa Mlima Kenya: nyoka wa vichakani, mweusi, ambaye magamba yake yametiwa ukingo wa manjano kama kanzu iliyodariziwa. Huyo hakuandikwa katika vitabu vya elimu mpaka mwaka 1968. Tazama, msomaji, jinsi ilivyo karibu! Watu walikuwa wamekwisha kwenda angani kwa vyombo, na nyoka wa msitu wetu hakuwa bado na jina katika orodha ya wataalamu.

Lakini picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya fira mkubwa wa rangi ya kahawia aliyepigwa picha karibu na Watamu. Siku hiyo nilijibu vyema. Nilisema ni fira atemaye mate mwenye shingo nyeusi, nikaonyesha ushahidi wangu, na wenzangu wote wakaafiki. Mwalimu akafungua bahasha. Karatasi ilikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa jina lile nililolitaja, nalo lilikatwa kwa mstari wa wino mwekundu. Chini yake paliandikwa jina jipya na mwaka 2007.

"Bahasha yenyewe ilikosea," alisema Mwalimu.

Ndipo alipotueleza habari za James Ashe, mtu aliyewahi kuitunza Bustani ya Nyoka ya Nairobi, na ambaye mwaka 1980 alianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Kwa miaka mingi Ashe alishikilia kwamba fira mkubwa wa kahawia wa pwani si sawa na fira mwenye shingo nyeusi, bali ni aina nyingine peke yake. Alifariki mwaka 2004 kabla neno lake halijathibitishwa. Mwaka 2007 wataalamu wawili, Wolfgang Wüster na Donald Broadley, walitangaza kwamba Ashe alisema kweli. Walilinganisha maumbile na damu ya urithi ya nyoka hao, wakaona tofauti, wakampa fira huyo jina la kumbukumbu ya Ashe. Ndiye fira mkubwa kuliko wote watemao mate, naye aweza kuupita urefu wa meta 2. Alikuwa akiishi kati ya watu, akiingia katika mabanda ya kuku wao, ilhali vitabu vilimwita kwa jina la mwenziwe.

Nilipaswa kujifunza unyenyekevu siku ile. Ikiwa bahasha ya Mwalimu iliweza kukosea, na vitabu vya dunia viliweza kukosea, basi mimi ni nani? Badala yake nilijifunza kiburi. Nilihesabu kwamba nilikuwa nimetoa jibu lile lile lililotolewa na wataalamu wa zamani, nikajiona mtaalamu. Nilianza kupiga picha za nyoka kwa simu yangu na kupokea picha kutoka kwa ndugu na marafiki. Mtu akiniletea picha nilimjibu kabla kahawa haijapoa. Sifa zangu zilienea mpaka kijijini kwetu.

Jumamosi moja usiku mpwa wangu, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa akiishi kijijini na mama yangu, alinipelekea picha kwa simu ya nyanya yake. Aliandika, "Shikamoo mjomba. Nimemkuta huyu juu ya mkorosho. Ni nyoka gani?" Picha ilikuwa na ukungu. Nyoka alikuwa mdogo, wa rangi ya kijivu kwa kahawia, kichwa chake kifupi na butu. Nilipoikuza picha niliona kwamba kila gamba la mgongo lilikuwa na mstari ulioinuka katikati, kama mkuku wa jahazi. Kichwa butu, rangi ya vumbi, magamba yenye mkuku: dalili tatu! Nilimkumbuka nyoka wa Garissa aliyemshinda muuguzi, nikafurahi kwamba mimi sikushindwa. Nikamjibu, "Marahaba. Huyo ni nyoka mla mayai. Hana hata jino la kukuuma. Mshike bila hofu."

Nililala usingizi mzuri.

Asubuhi ya Jumapili nilikwenda kwa Mwalimu kujisifu. Aliichukua simu, akavaa miwani yake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini, "Jicho umelitazama?"

Nilitazama. Jicho lilikuwa kubwa mno, lililojaza ubavu wa kichwa kile kifupi, na mboni yake ilikuwa ya mviringo. Nyoka mla mayai ana jicho la kiasi na mboni iliyosimama kama ufa. Jambo hilo nililijua. Nilikuwa nimelisema mwenyewe mara nyingi katika baraza lile. Mwalimu aliweka kidole juu ya picha akanionyesha jinsi magamba yalivyolala mshazari, yakishuka kutoka mgongoni kwenda ubavuni.

"Huyu ni bumslangi mchanga," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

Bumslangi ni neno la Kiafrikana lenye maana ya nyoka wa mti. Meno yake ya sumu yako nyuma kidogo katika kinywa, na kwa tabia ni mpole, hapendi kuuma. Lakini akiuma, sumu yake huizuia damu isigande, na mtu huanza kutoka damu katika fizi, puani na ndani ya mwili. Ubaya wake mkubwa ni kwamba sumu hiyo hukawia. Aliyeumwa aweza kukaa saa nyingi bila kuona jambo kubwa, akadhani amepona.

Nilipiga simu. Haikupokelewa. Nilipiga tena mara sita. Kijijini kwetu simu ikiisha moto hungoja mpaka mtu aende sokoni kuichaji, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nilipanda matatu ya kwanza. Safari ile niliijua tangu utoto, lakini sikupata kuiona ndefu kama siku hiyo. Kila gari liliposimama kupakia abiria nilikuwa na hesabu moja tu kichwani: nilipeleka jibu saa tatu za usiku, na sasa ilikuwa saa nne za asubuhi.

Nilimkuta mpwa wangu chini ya mwembe, mwembe ule ule niliomwulia ukukwi. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na mapajani mwake palikuwa na mkebe wa biskuti uliotobolewa matundu kifunikoni. Alisimama kwa furaha.

"Mjomba, umekuja kumwona! Nimemshika mara mbili, ni mpole kweli. Kesho nampeleka shuleni."

Nilimwambia auweke mkebe chini. Alifikiri nafanya mzaha. Nilimwambia mara ya pili kwa sauti ambayo hajapata kuisikia kwangu, akauweka. Nilimtazama mikono yake kidole kwa kidole, mbele na nyuma. Haikuwa na jeraha. Nikauchukua mkebe kwa tahadhari, nikaupeleka mbali vichakani, nikaufungua kwa ncha ya fito ndefu. Nyoka alitoka polepole, akanyosha shingo, akapanda mti kama moshi upandavyo, akatoweka katika majani.

Niliporudi, mtoto aliniuliza, "Kwani si mla mayai?"

Nimewahi kusema mambo magumu mbele ya watu wakubwa, msomaji, lakini sijapata kuona neno zito kama nililomjibu mtoto yule. Nilimwambia, "Si mla mayai. Nilikosea." Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, akisikia yote. Hakunikemea. Alisema maneno machache, akarudi jikoni kwake:

"Jina ulilitoa wewe, mwanangu. Mkono ulikuwa wa mtoto."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda barazani nimeinamisha kichwa. Nilidhani Mwalimu angenifukuza mchezoni. Hakunifukuza, alinisimulia kisa. Mwezi wa Septemba mwaka 1957 bustani ya wanyama ya Lincoln Park mjini Chicago ilipeleka nyoka mdogo kwenye jumba la makumbusho la mji huo ili atambuliwe. Aliyemtazama alikuwa Karl Patterson Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka duniani, mwenye umri wa miaka 67. Nyoka alikuwa na urefu wa sentimeta 76 hivi, naye alitoka Afrika. Dalili nyingi zilisema kwamba ni bumslangi. Lakini gamba moja lililo chini ya mwili, pale mkia unapoanzia, lilikuwa zima, ilhali la bumslangi kwa kawaida hugawanyika mara mbili. Gamba hilo moja liliwatia shaka. Schmidt alimshika nyoka kumchunguza, naye akamwuma katika kidole gumba cha mkono wa kushoto. Jeraha lilikuwa dogo. Alirudi nyumbani kwa treni, na njiani na nyumbani aliandika dalili zote alizoziona katika mwili wake, kama mtaalamu aandikavyo. Asubuhi yake alijiona ana nafuu. Alasiri ya siku hiyo, tarehe 26 Septemba, alifariki.

Mwalimu alinitazama. "Yeye alikuwa na nyoka mwenyewe mkononi," alisema, "na elimu ya maisha mazima nyuma yake, na hata hivyo alitia shaka. Wewe ulikuwa na picha yenye ukungu, wala hukutia shaka hata kidogo. Sasa waijua maana ya sheria ya tatu?"

Naijua. Kusema 'sijui' si uoga wala si ujinga. Ni kuiacha nafasi wazi mpaka ushahidi ufike, ili mtu mwingine asiukalie uongo wetu akidhani ni kiti. Wahenga walisema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Mimi naongeza kwamba taa ya uongo ni mbaya kuliko giza, kwa kuwa mtu wa gizani huenda akipapasa, lakini mwenye taa ya uongo hukimbia.

Usidhani kwamba jambo hili ni la mchezo tu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa ya nchi za joto mwaka 2017, nalo hukadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto wa mashamba, yaani watu kama wa kwetu. Hapo jina la nyoka lina thamani ya uhai. Dawa ya kuishinda sumu ya bumslangi ni ya peke yake, nayo hutengenezwa Afrika Kusini. Dawa ifaayo kwa moma haifai kwake. Kwa hiyo, mtu akiumwa, kama yuko mwenzake awezaye kupiga picha ya nyoka kutoka mbali bila hatari, picha hiyo yaweza kumsaidia daktari. Lakini asimfuate nyoka porini kwa ajili ya picha, wala asimkamate, wala asikawie. Daktari hutazama kwanza dalili za mgonjwa. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, naye apelekwe hospitali upesi. Asichanjwe, jeraha lisinyonywe, wala lisifungwe kamba ya kukaza. Na aliyetemewa mate na fira machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kisha naye apelekwe.

Mchezo wetu ungali unaendelea, na sheria imezidi moja. Nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu juu ya kifuniko cha boksi: picha ya nyoka aliye hai karibu na mtu hai si mchezo. Ikiniletea mtu picha ya namna hiyo, jibu langu la kwanza si jina tena, bali ni swali: "Uko mbali naye kiasi gani?" Jibu la pili ni ombi: "Rudi nyuma." Jina hungoja zamu yake.

Mpwa wangu sasa yuko katika kidato cha pili, na hutazama kuliko mimi. Picha yake yenye ukungu imechapishwa, imepewa nambari, na imetiwa katika boksi la Mwalimu pamoja na bahasha yake. Mgeni akija kucheza, ndiyo picha tumwekayo kwanza. Wengi huona kichwa butu na rangi ya vumbi, wakataja jina haraka. Nikikuwekea wewe, msomaji, utasema nini? Ukisema, "Sijui, kwa sababu picha ina ukungu na jicho sijaliona vizuri," utapata alama moja, na kiti chako kitakungoja kila Jumamosi.